Kufuma kwa Kroshia kwa Ajili ya Nyumba na Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayejua kushika sindano ya kroshia na kufuma mnyororo, na sasa anataka kutengeneza kitu kitakachotumika. Mishono inayotajwa ni minne.

Mshono wa kuungia: ingiza sindano, vuta uzi upite vitanzi vyote vilivyopo. Hauongezi kimo, kazi yake ni kufunga mzunguko.
Mshono mfupi: ingiza sindano, vuta uzi, zungusha uzi kwenye sindano, vuta upite vitanzi viwili.
Mshono wa kati: zungusha uzi kabla ya kuingiza sindano, vuta uzi, zungusha tena, vuta upite vitanzi vyote vitatu kwa pamoja.
Mshono mrefu: anza kama wa kati, lakini vuta upite vitanzi viwili, zungusha, kisha viwili vilivyobaki.

Nianze na kitu gani?

Kitambaa cha mraba cha kuoshea vyombo. Wengi huanza na skafu kwa sababu inaonekana rahisi, lakini skafu ni ndefu, inachosha, na kila kosa la hesabu linaonekana pembeni. Kitambaa cha vyombo kinaisha haraka, na hata kikipinda kidogo kinafanya kazi yake.

Chukua uzi wa pamba wa unene wa kati na sindano ya milimita 4. Fuma mnyororo wa vitanzi 31. Ruka kitanzi cha kwanza kutoka kwenye sindano, weka mshono mfupi mmoja katika kila kitanzi kinachofuata. Utapata mishono 30, upana wa karibu sentimita 20. Fuma kitanzi kimoja cha mnyororo, geuza kazi, rudia. Ili kujua kama mraba umekamilika, kikunje kutoka pembe moja hadi nyingine: kingo zikilingana, simama. Malizia kwa mzunguko mmoja wa mishono mifupi kuzunguka kitambaa chote, mitatu katika kila pembe. Bonge moja la gramu 50 linatosha na uzi utabaki.

Kama ukingo wa mwanzo unabana na kukivuta kitambaa, mnyororo wako ulikuwa umekazwa mno. Fuma mnyororo kwa sindano ya milimita 4.5 au 5, kisha rudi kwenye milimita 4 kwa mishono.

Uzi gani kwa kazi gani?

Usianze na rangi. Jiulize kwanza kitu hiki kitaguswa na nani, kitalowa mara ngapi, na kitakutana na moto au la.

Pamba hunyonya maji, huvumilia maji ya moto na haimwashi mtoto. Ndiyo ya vitambaa vya jikoni, taulo ndogo za uso, bibu, vitambaa vya kuwekea vikombe na vikapu. Ubaya wake ni uzito: blanketi kubwa la pamba likilowa linaning'inia na kuvutika. Haina unyumbufu pia, kwa hiyo kofia ya pamba hulegea upesi kuliko ya sufu.

Akriliki ni nyepesi, ya bei ndogo na hufulika kwa urahisi, ndiyo maana inafaa kwa mablanketi, midoli na mito ya kochi. Lakini huyeyuka kwenye joto, na hainyonyi maji vizuri. Kitambaa cha vyombo cha akriliki husambaza maji tu juu ya meza.

Sufu ina joto na hunyumbulika. Ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, hujikunyata na kuwa nzito kama kitambaa cha kofia ngumu, na hairudi tena. Tumia sufu kwa mtoto kama tu lebo inasema inaweza kufuliwa kwa mashine, na iguse kwanza kwenye shingo yako: ikikuwasha wewe, mtoto itamwasha zaidi.

Nyuzi zenye manyoya marefu tuziache kabisa kwa watoto wadogo. Manyoya hutoka, huingia mdomoni na puani, na mishono yenyewe haionekani vizuri kiasi cha kuweza kuihesabu.

Nina uzi usio na lebo. Nitajuaje ni wa aina gani?

Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano juu ya sahani ya chuma au sinki, ukichome ncha. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi na huacha jivu laini. Sufu huwaka kwa shida, hunuka kama nywele na mara nyingi hujizima ukiondoa moto. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Uzi wa mchanganyiko huonyesha dalili zote. Uhesabu kama akriliki, usiupeleke karibu na jiko.

Sindano ya ukubwa gani?

Lebo ya uzi hukupa pa kuanzia. Uzi mwembamba wa watoto huenda na milimita 3 hadi 3.5, wa kati 4 hadi 5, mnene 6 hadi 8, na uzi wa fulana (mikanda ya kitambaa cha fulana) 8 hadi 12. Kisha fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15 na uhesabu mishono ndani ya sentimita 10 za katikati, pembeni hudanganya. Ukiwa na mishono mingi kuliko maelekezo yanavyosema, panda nusu milimita. Ukiwa na michache, shuka. Kwa kitambaa cha kikombe unaweza kuruka hatua hii. Kwa kofia au nguo, usiiruke.

Kwa nini kazi yangu inapungua upana kila mstari?

Unapoteza mshono wa mwisho au wa kwanza, na karibu kila mara kosa liko kwenye mnyororo wa kugeuzia. Kwa mishono mifupi unafuma kitanzi kimoja kabla ya kuanza mstari, nacho hakihesabiwi: mshono wa kwanza unaingia palepale chini yake. Kwa mishono mirefu unafuma vitanzi vitatu, navyo huhesabiwa kama mshono mmoja. Kwa hiyo mshono wako halisi wa kwanza unaingia kwenye nafasi ya pili, na mwisho wa mstari lazima ufume juu ya vile vitanzi vitatu vya mstari uliopita. Hapo ndipo watu husahau, kwa sababu havionekani kama mshono.

Ukiona kazi inapanuka badala ya kupungua, umehesabu vitanzi vitatu na bado ukafuma kwenye nafasi ya kwanza.

Weka pini ya alama, au hata kipande cha uzi wa rangi nyingine, kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari mpaka macho yazoee. Hesabu kila mstari. Kufumua mstari mmoja ni jambo la dakika chache. Kufumua ishirini huvunja moyo.

Duara langu linakuwa bakuli, au linakunjamana pembeni. Nifanye nini?

Duara bapa lina hesabu yake. Kwa mishono mifupi unaanza na 6 na kuongeza 6 kila mzunguko (kuongeza ni kufuma miwili katika mshono mmoja): 6, 12, 18, 24, 30. Kwa mishono ya kati anza na 8 na uongeze 8. Kwa mirefu, 12 na 12. Mshono ukiwa mrefu zaidi, duara hupanuka haraka zaidi, kwa hiyo linahitaji mishono mingi zaidi kulijaza.

Likiinuka kama bakuli, umeongeza kidogo mno au unakaza uzi. Likikunjamana kama ukingo wa gauni, umeongeza kupita kiasi. Kama hesabu ni sahihi na bado halilali, badilisha sindano: kubwa zaidi kwa bakuli, ndogo zaidi kwa mikunjo.

Jambo jingine: ukiweka maongezo mahali palepale kila mzunguko, duara la mishono mifupi litaota pembe sita. Kwenye mizunguko inayopokezana, sogeza maongezo hadi katikati ya nafasi yake.

Vitambaa vya kuwekea vikombe vinafumwaje?

Pamba ya unene wa kati, sindano ya milimita 4. Tengeneza kitanzi kinachokazika, au mnyororo wa vitanzi vinne uliounganishwa.
Mzunguko wa 1: vitanzi vitatu vya mnyororo (mshono mmoja), kisha mishono mirefu 11. Jumla 12. Unga.
Mzunguko wa 2: miwili katika kila mshono. Jumla 24.
Mzunguko wa 3: mmoja, kisha miwili, ukipokezanisha. Jumla 36.
Mzunguko wa 4: mishono mifupi, ukiongeza mmoja kila baada ya mitano. Jumla 42.

Unapata kipande cha sentimita 9 hadi 10. Bonge la gramu 50 hutoa vitano au sita. Usiweke pambo lililoinuka katikati, kikombe kitayumba. Mizunguko miwili ya kwanza peke yake, kwa pamba laini, ni pedi nzuri ya kusafishia uso inayofulika.

Vishikio vya sufuria ni salama?

Ni salama vikiwa vya pamba au sufu, vikiwa na tabaka mbili, na vikiwa vikavu. Akriliki hapana, hata kwa ukingo tu: huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Fuma miraba miwili ya sentimita 18 kwa mishono mifupi ya karibu karibu, iweke pamoja, na uzungushe mshono mfupi ukipita tabaka zote mbili. Epuka mishono mirefu, kwa sababu ina matundu ambayo kidole hugusa chuma moja kwa moja. Kishikio kilicholowa hupitisha joto haraka na kutoa mvuke unaounguza. Kiache kikauke kabla ya kukitumia tena.

Kikapu changu kinalegea na kuanguka. Kwa nini?

Kwa sababu mishono ni mirefu au sindano ni kubwa mno kwa uzi huo. Kikapu kinachosimama hufumwa kwa mishono mifupi, kwa uzi wa fulana au nyuzi mbili tatu za pamba zikishikwa pamoja, na kwa sindano inayokufanya ujisikie unasukuma kidogo. Mikono ikianza kuuma, panda nusu milimita.

Fuma kitako bapa kwa hesabu ya 6 mpaka upana unaoutaka, tuseme sentimita 20. Mzunguko unaofuata usiongeze kitu, na uingize sindano kwenye kitanzi cha nyuma pekee cha kila mshono. Hapo panajitengeneza mkunjo mkali, na ukuta unasimama badala ya kulala kama sahani. Endelea bila kuongeza. Kwa mikono ya kushikia, kwenye mzunguko wa kabla ya mwisho ruka mishono sita, fuma mnyororo wa vitanzi vinane, endelea. Fanya hivyo upande wa pili. Mzunguko wa mwisho, jaza mnyororo huo kwa mishono mifupi tisa au kumi.

Kikapu cha midoli ya watoto hubeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani. Kata duara la plastiki ngumu na uliweke kitakoni.

Vitambaa vya meza na makochi havikai vimenyooka. Nifanyeje?

Vitambaa vya uzi mwembamba havimaliziki kwenye sindano, humalizikia kwenye pini. Uzi wa namba 10 huenda na sindano ya chuma ya milimita 1.5 hadi 1.75, wa namba 20 na ya 1.25. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi.

Ukimaliza, kiloweshe, kikamue ndani ya taulo, kisha kitandaze juu ya godoro dogo la sponji lililofunikwa kitambaa cheupe. Choma pini zisizoshika kutu: kwanza pembe nne au ncha zinazotazamana, halafu kati yake, mpaka kila ua lifunguke. Kiache kikauke kabisa. Hapo ndipo utaona ulichofuma.

Ukitaka kiwe kigumu, koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, mimina ndani ya kikombe cha maji yanayochemka, pika hadi kiwe kama uji mwepesi unaong'aa, kipoe, ndipo uchovye kitambaa kabla ya kukitandaza. Wengine hutumia sukari. Inakaza vizuri, lakini inaita wadudu.

Blanketi la mtoto liwe na ukubwa gani, na linahitaji uzi kiasi gani?

Kwa kumbeba au kigari, sentimita 75 kwa 90. Kwa kitanda cha mtoto aliyekwisha kukua kidogo, 90 kwa 120. La ukubwa wa kwanza, kwa uzi wa akriliki usio mnene sana, hula takriban gramu 350 hadi 450, lakini mikono hutofautiana. Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni, na miraba huirahisisha.

Fuma mnyororo wa vitanzi vinne, uunge. Mzunguko wa kwanza una vikundi vinne vya mishono mirefu mitatu, na vitanzi viwili vya mnyororo kati ya kikundi na kikundi; nafasi hizo ndizo pembe. Katika mizunguko inayofuata, kila pembe hupata mirefu mitatu, vitanzi viwili, mirefu mitatu. Kila nafasi ya ubavuni hupata mirefu mitatu. Endelea hadi sentimita 15. Miraba 30, mitano kwa sita, inakupa 75 kwa 90. Pima uzito wa mraba mmoja, zidisha kwa 30, ongeza asilimia 15 kwa kuungia na ukingo. Nunua uzi wote siku moja wenye namba moja ya kundi la rangi kwenye lebo. Makundi mawili ya "nyeupe" huonekana sawa dukani na tofauti kabisa yakishonwa pamoja.

Mraba ukijipinda kama unazunguka, geuza kazi kila mwisho wa mzunguko badala ya kufuma upande mmoja daima. Mishono hulalia upande mmoja, na kugeuza husawazisha.

Mtoto mchanga anaweza kulala na blanketi la kroshia?

Hapana, si bila mtu mzima kumtazama. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, hushauri kitanda cha mtoto anayelala kisiwe na mablanketi yaliyolegea, mito wala midoli katika mwaka wa kwanza. Blanketi hilo ni la kumfunika akiwa amepakatwa, la kulalia tumbo sakafuni akiwa macho, na la baadaye.

Muundo wenyewe pia una maana. Matundu makubwa hunasa vidole. Nyuzi zilizolegea upande wa ndani huweza kuzunguka kidole cha mguu na kukata damu, jambo la hatari ambalo mzazi huchelewa kuliona kwa sababu mtoto hulia tu. Kwa mwenye umri chini ya mwaka, chagua mishono ya karibu karibu, mifupi au ya kati, na uchunguze upande wa ndani wa soksi, viatu na kofia kila baada ya kufua. Kofia zisiwe na kamba za kufunga shingoni.

Nitapataje kipimo sahihi cha kofia?

Pima kichwa juu kidogo ya nyusi na masikio. Kwa kukadiria tu: mtoto mchanga karibu sentimita 35, miezi 6 hadi 12 karibu 43 hadi 46, mwaka 1 hadi 3 karibu 46 hadi 49, mkubwa kidogo 50 hadi 52.

Toa sentimita 2 hadi 3, kwa kuwa kofia hutanuka, kisha gawanya kwa 3.14. Kichwa cha 48: kofia 45, na 45 ukigawa kwa 3.14 ni kama 14.3. Maana yake, fuma duara bapa la juu mpaka upana wa sentimita 14.3, acha kuongeza, na uendelee kushuka. Kimo kwa umri wa mwaka 1 hadi 3 ni kama 18, kwa mtoto mchanga 13 au 14. Kofia ikikaa kama sahani juu ya kichwa, uliendelea kuongeza kupita kipimo. Fumua mpaka duara, si mpaka mwanzo.

Na viatu vya uzi?

Unyayo wa mtoto mchanga ni karibu sentimita 9, wa miezi 3 hadi 6 karibu 10. Fuma soli yenye urefu huo, mishono mifupi, na shingo ya kiatu iwe na urefu wa kupita kifundo, la sivyo vitavuliwa kwa teke moja. Akianza kusimama, viache: vinateleza.

Midoli inahitaji nini cha pekee?

Sindano ndogo kuliko ile ya kwenye lebo, kwa hatua moja au mbili, ili pamba ya kujazia isichungulie. Uzi wa kati, sindano ya milimita 3 au 3.5, mishono mifupi, na mzunguko usiofungwa: unaendelea tu kama ganda la konokono, na pini ya alama kwenye mshono wa kwanza, maana bila pini hakuna atakayejua mzunguko unaanzia wapi.

Umbo la msingi ni mpira, nao ndio kichwa cha karibu kila mdoli. Mizunguko: 6, 12, 18, 24, 30, 36, kisha mizunguko sita ya 36 bila kuongeza, kisha punguza 30, 24, 18. Jaza hapa, kidogo kidogo, ukisukuma pembeni kwanza. Endelea 12, 6, kata uzi, upitishe kwenye vitanzi vya mbele vya mishono sita, ukaze. Unapata mpira wa sentimita 6 hadi 7. Unapopunguza, ingiza sindano kwenye vitanzi vya mbele pekee vya mishono miwili, kisha fuma kama mmoja. Hapatakuwa na tundu wala nundu.

Shingo huanguka kwa sababu ya kuijaza kidogo. Jaza shingo kuliko unavyodhani inatosha.

Kwa mtoto chini ya miaka 3, macho na pua vidariziwe kwa uzi. Si vifungo, si shanga, wala macho ya plastiki yanayouzwa kwa kazi hiyo: kufuli lake ni imara, lakini kitambaa cha kroshia hunyumbuka na jicho zima linaweza kupenya. Kipimo cha nyumbani: kinachoweza kupita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa umri huo.

Nimefuata maelekezo ya Kiingereza, kitu kimetoka kirefu mno. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea. Wamarekani na Waingereza hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Mshono mfupi ni sc (single crochet) kwa Mmarekani na dc (double crochet) kwa Mwingereza. Mshono mrefu ni dc kwa Mmarekani na tr (treble) kwa Mwingereza. Ukiona sc popote katika maelekezo, ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawaitumii.

Ncha za uzi hutoka baada ya kufua. Nizifiche vipi?

Acha sentimita 15. Kwa sindano butu yenye tundu kubwa, pitisha ncha ndani ya mishono sentimita 4 kwenda, ruka uzi mmoja, rudi, kisha mara ya tatu kwenda. Fundo peke yake halitoshi, hasa kwa pamba na akriliki zinazoteleza. Kwenye vitu vya watoto usiharakishe hatua hii.

Vinafuliwaje?

Pamba ya rangi kali, nyekundu na bluu nzito hasa, ijaribu kwanza: lowesha kipande, kibane kwenye kitambaa cheupe. Ikichuja, usiifume pamoja na nyeupe. Vyote vikaushwe vikiwa vimetandazwa, kwa sababu kamba huvuta vitu vizito. Akriliki usiipige pasi. Joto huilegeza na haikazi tena. Mdoli ukamuliwe ndani ya taulo na ukauke hadi moyoni, siku mbili au zaidi, kwani unyevu ukibaki ndani huleta harufu na ukungu.

Mtoto anaweza kujifunza akiwa na umri gani?

Wengi huweza wakiwa na miaka 7 au 8, vidole vikishajua kuandika. Mpe sindano ya milimita 5 au 6 na uzi mnene, laini, wa rangi ya kung'aa. Uzi mweusi huficha vitanzi. Siku ya kwanza mnyororo tu, uwe bangili au kamba ya kitabu. Mdogo zaidi afume mnyororo kwa vidole, bila sindano. Anayetumia mkono wa kushoto aketi mbele yako, si kando yako, akuige kama anajitazama kwenye kioo.